Coaster Moja Kila Siku: Nani Anatuhesabu Kibaha na Kisarawe?



Leo naomba tuweke pembeni kwa dakika kumi habari za nani kahama chama na nani kamjibu nani mtandaoni. Nina hesabu moja ya shule ya msingi, nataka tuifanye pamoja.

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 128,488 katika Halmashauri ya Mji wa Kibaha. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 265,360. Toa, gawanya kwa miaka kumi, kisha gawanya kwa siku 365. Jibu ni watu kama 37 kwa siku. Hiyo ni Coaster moja iliyojaa mpaka konda ananing'inia mlangoni. Kila siku katika miaka ile kumi, Jumapili na Idd zikiwemo, Coaster moja iliingia Kibaha, ikashusha abiria wote, ikaondoka tupu. Najua wengine kati ya hao 37 walizaliwa hapahapa Tumbi. Nao wanataka maji, wanataka darasa, na siku moja watataka kiwanja.

Vuka upande wa Kisarawe. Mwaka 2012 wilaya ilikuwa na watu 101,598. Mwaka 2022 ikawa na 159,226. Kwa kila watu wawili waliokuwepo, ameongezeka zaidi ya mmoja. Sasa linganisha na mkubwa wetu wa jirani. Mkoa wa Dar es Salaam, kipindi hichohicho, ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Haukuongezeka hata kwa robo. Umeona mchezo ulivyo? Dar imejaa, sasa inakuja kukulia kwetu. Yule jamaa aliyechoshwa na kodi ya chumba Kimara ndiye anayeuliziwa kiwanja Msangani. Yule dada anayefanya kazi Kariakoo ndiye anayejenga kidogo kidogo kule Kiluvya.

Nawauliza jambo moja tu. Hawa watu wa Coaster, nani ameamua watalala wapi, watoto wao watasoma wapi, maji ya mvua yatapita wapi, na wakifa watazikwa wapi?

Mimi nimezunguka, nimepata jibu. Ameamua dalali.

DALALI NDIYE AFISA MIPANGO MIJI

Sikejeli udalali, vijana wetu wengi wanakula kupitia kazi hiyo. Nasema kinachotokea. Mzee ana shamba lake la mikorosho. Ada ya mtoto imemkaba, anakata kipande. Dalali analeta mteja, wanapima kwa hatua za mguu, ishirini kwa ishirini, karatasi ya mauziano inaandikwa, mashahidi wanasaini, mhuri unagongwa, kila mtu anachukua chake. Kesho yake anakata kingine. Baada ya miaka mitano shamba limekuwa mtaa wenye nyumba mia, na njia iliyobaki katikati inapita bajaji moja. Gari la zimamoto halipiti. Gari la kunyonya choo halipiti. Mama mjamzito anabebwa kwa bodaboda hadi barabara kubwa.

Hapo ndipo serikali inapokumbuka kwamba kuna watu. Inakuja na neno tamu: urasimishaji. Wananchi wanaambiwa wachange fedha wapimiwe. Wanachanga. Mawaziri wa ardhi wenyewe wamesimama hadharani kukemea kampuni za upimaji zilizochukua fedha za wananchi na kuacha kazi njiani. Hayo si maneno ya upinzani, ni yao.

Na ikishindikana kupimwa, inakuja rangi nyekundu. Mwaka 2017, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Watu wakaambiwa wako ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kutoka katikati, hivyo hakuna fidia. Kuna waliokuwa wameishi hapo miaka mingi, wamevutiwa umeme, wamevutiwa maji. Yaani serikali ilijua nyumba iko pale ilipotaka kukusanya bili. Ilipofika kumwambia mwananchi mapema kwamba amejenga penye barabara, ramani ikawa siri ya ofisini. Ndiyo maana mpaka leo ukipita mtaani na daftari, wazee wanakuuliza kwanza, "Mmekuja kuweka X?" Wana haki ya kuuliza.

Kosa hili tunalijua kwa sababu tumelitazama Dar. Dar ilipata mpango kabambe mwaka 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979. Baada ya hapo ule wa 1979 ukakaa miongo bila mrithi huku jiji likijijenga lenyewe. Matokeo yake zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa, na kila masika tunaangalia Jangwani ikigeuka ziwa. Kurekebisha mji uliokwisha kujengwa ni kubomoa, kulipa na kulia. Kupanga mji ambao bado una mikorosho ni kuchora mstari na kuulinda. Kibaha na Kisarawe bado kuna mikorosho. Ila haitasubiri.

WAMETUHESABU, HAWAJATUPA MAJIBU

Wenzetu wa chama tawala watasema: mbona sensa ilifanyika? Mbona anwani za makazi zipo?

Ni kweli, na hapa ndipo penye hoja yangu. Mwaka 2022 hatukukosa kuhesabiwa, tulihesabiwa mpaka basi. Februari mwaka ule ikazinduliwa operesheni ya anwani za makazi. Nyumba ikapewa namba, njia ikapewa jina. Agosti 23 ikaja sensa ya watu, na kwa mara ya kwanza ikaenda pamoja na sensa ya majengo. Karani alikaa sebuleni kwetu akauliza choo ni cha aina gani, maji tunachota wapi, tunapikia nini. Mama akajibu yote kwa uaminifu, maana aliambiwa majibu yake yataleta maendeleo.

Sasa nenda ofisi ya mtaa wako leo. Soma ubao wa matangazo. Utakuta tangazo la michango, tangazo la chanjo ya mbwa, na kalenda ya mwaka juzi. Utakuta wapi idadi ya watu wa mtaa? Idadi ya vituo vya maji vinavyofanya kazi? Orodha ya maeneo ya umma, kwamba hapa ni soko, hapa ni shule, hapa ni makaburi, asiguse mtu? Takwimu zimepanda kwenda juu, hazijashuka kurudi kwa waliozitoa. Kibao cha namba ya nyumba kipo mlangoni, ndoo tupu ipo chini yake.

Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulikwenda ofisi moja ya umma, siitaji. Tulitaka namba mbili tu: wanafunzi wangapi wako kwenye shule ya msingi ya mtaa wetu, na yana matundu mangapi vyoo vyao. Tukaulizwa, "Mmetumwa na nani?" Tukasema tumejituma. Tukaambiwa tuandike barua. Tukaandika. Tukaambiwa barua haina mhuri. Mhuri wa nani? Wa taasisi. Taasisi gani? Hapo mazungumzo yakaisha, jamaa akarudi kwenye simu yake.

Baadaye ndipo nikajua kwamba tungeweza kumwambia kitu. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaomba kwa maandishi, ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Sheria haisemi mhuri. Sisi vijana tunazijua kwa kichwa sheria za kutukamata, hizi za kutusaidia hatuzijui.

NAMBA INAUMA

Kwa nini wanabana? Wengine ni uzembe tu, tusimpe kila karani cheo cha adui. Lakini nchi hii ina historia ya kuogopa namba.

Tulikuwa na Sheria ya Takwimu ya 2015. Mwaka 2018 ikafanyiwa marekebisho, kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali kukawa kosa la jinai. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Twaweza walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi: waliomkubali Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, wakawa 71 mwaka 2017, wakawa 55 mwaka 2018. Mkurugenzi wake Aidan Eyakuze akanyang'anywa pasipoti. Hakuandamana. Hakutukana. Alitoa asilimia tatu tu.

Kelele zikapigwa, ndani na nje, Benki ya Dunia nayo ikasema, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena. Kifungo kile kikaondolewa, na mtu binafsi akaruhusiwa kukusanya na kutoa takwimu zake ilimradi afuate njia za kitaalamu. Yaani, kamanda, ruhusa ya kuhesabu tunayo. Ilipiganiwa, watu waliumia kwa ajili yake, na sisi tumeikalia.

Kwamba namba ikiwa hadharani inafanya kazi, mfano mzuri umetoka Kisarawe, na umetoka kwa wapinzani wetu. Nitawapa haki yao. Jokate Mwegelo alipokuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero. Baadaye akaenda kuwa Katibu Mkuu wa UVCCM, hayo ni yake. Lakini jiulize kwa nini kampeni ile iliwezekana. Kwa sababu Baraza la Mitihani linatangaza matokeo ya kila shule, mtandaoni, mbele ya kila mtu. Mzazi wa Maneromango anafungua simu anaiona sifuri. Mkuu wa Wilaya hawezi kusema haipo. Sifuri iliyo hadharani inaaibisha, na aibu inachangisha fedha.

Je, mitaro ingetangazwa kila Januari kama kidato cha nne? Vituo vya maji vingepewa daraja la kwanza mpaka sifuri, kila mtaa na kila kijiji? Mbunge wa Kisarawe, Selemani Jafo, amewahi kuwa Waziri wa TAMISEMI, wizara inayozishika halmashauri zote nchini. Kwa hiyo tatizo halijawahi kuwa kukosa mtu mkubwa wa kutusemea. Tumekosa kitu cha kumuonyesha huyo mkubwa, chenye namba, asichoweza kukikwepa.

WALISHAFANYA WATU WA KAWAIDA

Msije mkadhani hii ni kazi ya wenye digrii na ndege zisizo na rubani.

Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15. Waliofanya kazi ni wakazi wenyewe. Walitembea kiwanja kwa kiwanja wakachora ramani kwa mkono, wakitumia mipaka ya nyumba kumi, ile ya mabalozi wanaojulikana na kila mtu. Wakaandika kila dimbwi, kila shimo, kila tuta la majimbi. Michoro ikalinganishwa na picha za kutoka angani, penye pengo wakarudi kujaza. Dawa ya viluwiluwi ikaenda ilikotakiwa kila wiki, na tafiti zilizochapishwa zikaonyesha maambukizi yamepungua kwenye kata zilizonyunyiziwa. Leo kiwanda cha dawa ya viluwiluwi, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba, kiko wapi? Kiko hapa Kibaha. Dawa tunayo mlangoni. Orodha ya madimbwi ya mtaa wako anayo nani?

Mwaka 2011 Tandale ilikuwa karibu haipo kwenye ramani za mtandaoni, doa jeupe katikati ya jiji. Wanafunzi na wakazi wakaingia na vifaa vidogo vya GPS, wakachora vichochoro, visima, vyoo. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na watu wa mitaani, wakapima mitaro na kuweka yote kwenye OpenStreetMap ambako yeyote anaangalia bure. COSTECH walikuwemo, Benki ya Dunia walikuwemo, Msalaba Mwekundu walikuwemo. Lakini waliojua mtaro gani umeziba na nani ameuziba ni wakazi.

Dar walifanya baada ya kuharibikiwa. Sisi tuna nafasi ya kufanya kabla.

TUWAPIME KWA FIMBO YAO

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mnaopenda kupost. Usiseme "maji ni shida." Kila mtu anasema maji ni shida, na mwenyekiti anajibu "serikali ya awamu ya sita inalifanyia kazi." Chukua kipimo chao wenyewe, weka mtaa wako juu yake.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa shule za msingi, kipimo ni wanafunzi 45 kwa darasa. Vyoo vya shule, tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Afya, mpango wa MMAM wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Hizi namba hazikutungwa na sisi. Ni ahadi zao, wameziandika, wakazisaini.

Na upande wa maji kuna jambo linalokera zaidi. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, wilaya ya Kibaha. Una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Bomba linafuata Barabara ya Morogoro kwenda kuinywesha Dar. Kisarawe wao walisubiri mpaka mwaka 2020 ndipo mradi wa kutoa maji Kibamba kwenda Kisarawe ukazinduliwa. Sina ugomvi na watu wa Dar kunywa maji, ni ndugu zetu. Nina ugomvi na bomba kupita mbele ya nyumba ya mtu asiye na maji huku hakuna ofisi iliyobandika ukutani kwamba kaya fulani zimeunganishwa, fulani bado, na zitaunganishwa lini.

Sisi tulijaribu. Tulikuwa vijana sita, Jumamosi mbili, mtaa mmoja wa Mji wa Kibaha, simu mbili na daftari la kaunta. Tukazunguka vioski vyote vya maji. Tukakuta vitano. Viwili vinatoa maji. Kimoja kimegeuka banda la chipsi, kwa kweli chipsi zake ni nzuri. Kwa kipimo cha kijijini, vituo viwili ni vya watu 500. Shule yetu ya msingi peke yake ina watoto zaidi ya hao. Basi, tukapata sentensi moja: "Kwa kipimo cha serikali cha kijijini, mtaa huu wa mjini haujafika."

Tukaipeleka kwenye mkutano wa mtaa. Hatukuvaa sare za chama. Aliyesimama kuisoma ni mama mmoja muuza mboga, hana kadi ya chama chochote, ila ndiye anayeamka saa tisa usiku kupanga foleni. Mwenyekiti ni wa CCM, alianza kujibu yale ya siku zote, mama akamwambia, "Baba, mimi nimeuliza vitatu vingine vitatengenezwa lini." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza kusubiri jibu. Mwishoni mwenyekiti akaomba tumtolee kopi ya ile karatasi ili apande nayo kwenye kata. Wiki ya tatu fundi alikuja kwenye kioski kimoja. Kimoja tu. Siwadanganyi kwamba tumeikomboa nchi. Lakini miaka yote ya kupiga kelele kijiweni haikuwahi kumleta fundi hata mmoja.

"TUACHE KATIBA TUHESABU MABOMBA?"

Najua wapo watakaosema hivyo, na nawaelewa. Novemba 27 mwaka 2024 mliona wenyewe. Fomu zilikatwa kwa sababu za ajabu, wagombea wetu wakaenguliwa, na ilipotangazwa wakasema wamechukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Mwaka 2019 ilikuwa hadithi ileile. Kijana anauliza: takwimu zinanisaidia nini kama kura yangu haihesabiwi?

Jibu langu lina mambo mawili.

La kwanza, daftari halichukui nafasi ya mapambano ya Katiba Mpya na Tume Huru. Anayekwambia ukae kimya uchore ramani, huyo ametumwa. Tunafanya yote mawili. Kura ikiibwa tunadai kura. Lakini hata siku ile tunayoisubiri ikifika, tukapewa mitaa yote ya Kibaha na vijiji vyote vya Kisarawe, tutaanza na nini? Tutamwambia mama wa mboga asubiri tufanye semina? Chama kinachotaka kuongoza mtaa kiujue mtaa kabla ya kuupata.

La pili linatuhusu sisi, na litauma. Takwimu za sensa za ngazi ya kata ziko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa bando la mia tano unazipata. Kati yetu tunaojiita wanaharakati, wangapi wamezifungua? Tunajua idadi ya wafuasi wa kila kiongozi mtandaoni, hatujui kata zetu zina watu wangapi. Tumelalamika Novemba kwamba tumeenguliwa, na tuko sahihi. Ila kwenye mikutano yetu ya hadhara kabla ya hapo, ni wagombea wangapi walitaja namba hata moja ya mtaa waliouomba? Wale wazee waliokuja kusikiliza walirudi nyumbani na vicheko na filimbi. Tukiri.

KAZI NA MADAI

Kwa hiyo napendekeza kila tawi la vijana Kibaha na Kisarawe lichukue mtaa mmoja au kijiji kimoja, kwa miezi mitatu, lihesabu vitu vinne:

1. Vituo vya maji: vipo vingapi, vinavyotoa ni vingapi, bei ya ndoo ni kiasi gani.
2. Mitaro na makalavati: yapo wapi, yameziba wapi, maji yanaingia nyumba za wapi.
3. Maeneo ya umma: shule, soko, uwanja, makaburi. Piga picha, andika mipaka ilivyo leo. Siku mtu akija na karatasi ya kununua uwanja wa mpira, tuwe na ushahidi wa jana.
4. Shule: watoto kwa darasa, wasichana kwa tundu la choo.

Vifaa visiwatishe. Programu kama ODK na KoboToolbox ni za bure, zinafanya kazi kwenye simu ya kawaida hata bila mtandao. Na pasipo na simu, kalamu ipo.

Masharti ni mawili, na asiyeyaweza asishiriki. Hesabu vitu, usihesabu kadi. Hatuandiki jina la mtu, hatuandiki chama chake, hatuandiki namba yake ya simu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kabla ya sheria kuna ubinadamu: orodha ya majina ya watu wa mtaa ikiangukia mikono mibaya ni silaha. Sharti la pili, usiongeze chumvi. Vioski vikiwa viwili vinavyofanya kazi, andika viwili, hata kama "sifuri" ingepata likes nyingi zaidi. Siku wakitukamata na namba moja ya uongo, wametumaliza.

Na kwa halmashauri zetu, tunadai haya. Kila ofisi ya mtaa na kijiji ibandike ukutani idadi ya watu, huduma zilizopo, na mapato na matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, namba hizo zisomwe hapo. Michoro ya mipango miji itoke makabatini, ibandikwe kabla dalali hajauza barabara. Majibu tuliyotoa kwa operesheni ya anwani na sensa yarudishwe mtaani kwa jumla zake, bila majina. Na Kibaha, Kisarawe na Ubungo zikae meza moja. Jina la Kiluvya liko pande zote za mpaka, kuna ya Ubungo na kuna kata ya Kisarawe, na ukinyoosha Barabara ya Morogoro mbele kidogo uko Kibaha. Upande mmoja ni mji kisheria, mwingine ni kijiji na kitongoji kisheria, lakini maisha ni yaleyale na mvua ni ileile. Maji yanayotoka kwa jirani hayaonyeshi kitambulisho mpakani.

Leo jioni Coaster nyingine inaingia. Ndani yake kuna binti mmoja na begi lake, ameambiwa Kibaha kuna viwanja vya bei nafuu. Dalali tayari anamsubiri kituoni. Sisi je?

Jumamosi saa mbili asubuhi, ofisi ya tawi. Njoo na daftari.

Tukutane mtaani.